Kupekua msimbo wa mradi mkubwa: mwongozo kamili kwa mfano wa kerneli ya Linux

Mradi mdogo unauelewa kwa kufungua faili moja baada ya jingine mpaka unazoea. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, haiendeki hivyo. Ina mafaili zaidi ya 70,000 na mistari inayozidi milioni 30, na hata walioifanyia kazi miaka mingi hawajasoma sehemu kubwa yake. Walichonacho ni uwezo wa kufika wanapotaka ndani ya dakika chache, na uwezo huo unafundishika.

Nimechagua kerneli kwa sababu iko wazi kwa kila mtu na ina kila aina ya usumbufu utakaoukuta kwenye mradi wa kazini: makro (vifupisho vinavyopanuliwa kuwa msimbo wakati wa kujenga) zinazounda majina, funksheni zinazoitwa kupitia pointa (anwani badala ya jina), ujumbe unaoungwa vipande vipande. Ukiweza hapa, mfumo wa benki wenye mistari milioni moja hautakutisha.

Tutafuata ujumbe mmoja mwanzo hadi mwisho. Aliyewahi kuendesha seva yenye RAM kidogo anaujua:

```
Out of memory: Killed process 2314 (java) total-vm:4826112kB, anon-rss:1893040kB ...
```

Seva imeishiwa kumbukumbu, kerneli imeua programu yako. Nani kaamua ife Java badala ya nyingine? Jibu limo ndani ya msimbo. Kazi ni kulifikia.

Hatua ya 1: Lete msimbo kwa bando ulilonalo

Ukishusha mradi wote pamoja na historia yake, andaa GB kadhaa:

```
git clone https://git.kernel.org/pub/scm/linux/kernel/git/torvalds/linux.git
```

Shida ni kwamba `git clone` ikikatika katikati haiendelei ilipoishia. Unaanza upya, na bando limekwenda. Kama intaneti yako hukatika katika, kernel.org wanaweka faili moja linaloitwa `clone.bundle` lenye historia yote. Hilo unalishusha kwa `wget -c`, ambayo huendelea ilipokomea, kisha unafanya `git clone clone.bundle linux` palepale kwenye kompyuta yako. Ukimaliza, elekeza `origin` kwenye anwani ya juu ili usasishe kidogo kidogo.

Ukitaka kusoma tu bila historia, chukua toleo moja lililofungashwa. Kwa matoleo ya 6.x ni takribani MB 140:

```
wget -c https://cdn.kernel.org/pub/linux/kernel/v6.x/linux-6.6.tar.xz
```

Kuna pia `git clone --depth 1`, inayoleta hali ya sasa peke yake, na baadaye unaweza kuongeza historia kwa `git fetch --unshallow`. Jihadhari na `--filter=blob:none`. Mwanzoni inashusha kidogo na kukufurahisha, lakini siku utakayopekua historia itaanza kuvuta yaliyomo kutoka mtandaoni kimyakimya, faili baada ya faili.

Kisha weka zana. Kwenye Ubuntu au Debian:

```
sudo apt install ripgrep universal-ctags cscope
```

Hatua ya 2: Taja swali kabla ya zana

Watu hubishana sana kuhusu zana ipi ina kasi. Kasi haijawahi kuwa tatizo kubwa kwangu. Tatizo ni kuuliza swali la aina moja kwa zana ya aina nyingine. Maswali yenyewe ni manne. Maandishi haya yako wapi? Jina hili limefafanuliwa wapi? Nani anaita funksheni hii? Mstari huu uliingia lini, na kwa nini? La kwanza ni la `git grep` au ripgrep, la pili ni la ctags, la tatu cscope, la nne `git log`. Ukijikuta unasoma majibu 800 ya grep moja moja, mara nyingi ulikuwa na swali la pili au la tatu mkononi.

Hatua ya 3: Tafuta maandishi

Amri ya `grep` ilitoka Bell Labs mwaka 1973, kazi ya Ken Thompson, na bado inafaa. Lakini ndani ya mradi wa git tumia `git grep`, kwa kuwa inapita kwenye mafaili yanayofuatiliwa na git tu na haipotezi muda kwenye mabaki ya kompaila. Jaribu kwanza kama mgeni angefanya:

```
git grep 'Out of memory: Killed process'
```

Haitakuonyesha mstari uliochapisha ujumbe wetu. Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kusema labda ujumbe unatoka kwingine. La hasha. Sentensi uliyoiona kwenye skrini haimo kwenye msimbo ikiwa nzima. Imeungwa programu ikiwa inakimbia. Kwa hiyo ondoa kila kinachoweza kubadilika, yaani namba, jina la programu, jina la diski na kiambishi cha mwanzo, ubaki na maneno mawili matatu yaliyoshikamana:

```
git grep 'Killed process' -- mm/
```

Sasa linatokea:

```
mm/oom_kill.c:  pr_err("%s: Killed process %d (%s) total-vm:%lukB, anon-rss:%lukB, ...
```

Tazama hiyo `%s` ya mwanzo. Maneno "Out of memory" hayapo hapo. Yanaletwa na aliyeiita funksheni hii. Ndiyo maana utafutaji wa kwanza ulishindwa. Mchezo huohuo uko kwenye ujumbe wa `EXT4-fs (sda1): mounted filesystem`: sehemu ya `EXT4-fs` inabandikwa na funksheni nyingine, hivyo unatafuta `mounted filesystem` peke yake.

Bahati nzuri ni kwamba mwongozo wa uandishi wa kerneli unakataza kukata ujumbe wa mtumiaji katikati kwa ajili ya kubana upana wa mstari, na sababu iliyoandikwa humo ni hii hii: ukikatwa, grep haitaupata. Kama una sauti kwenye mradi wenu, lete sheria hiyo. Ni ya bure.

Kuna swichi chache za `git grep` ambazo sizikosi. `-w` hutafuta neno zima, ili `oom` (kifupi cha "out of memory") isikuletee `room` na `zoom`. `-n` huonyesha namba ya mstari. `-p` huonyesha jina la funksheni ambamo mstari umo, na `-W` huchapisha funksheni yote:

```
git grep -W 'Killed process' -- mm/oom_kill.c
```

Unapata `__oom_kill_process` nzima bila kufungua kihariri. Ukitafuta rejeksi (regex, yaani umbo la maandishi) inayoanza na kistari, kama `->read_iter`, weka `-e` mbele yake, la sivyo git itadhani ni swichi. Na ukitaka kupekua toleo la zamani bila kubadilisha chochote kwenye diski, andika tagi ya toleo baada ya maandishi unayotafuta:

```
git grep -n 'Killed process' v4.19 -- mm/
```

Hii ya mwisho ina thamani kubwa kuliko inavyoonekana. Seva nyingi hazikimbizi kerneli ya leo, na ukisoma msimbo wa toleo jipya kueleza tabia ya toleo la zamani utajidanganya. Endesha `uname -r` kwanza, na ukumbuke kwamba kampuni zinazosambaza Linux huongeza viraka vyao juu ya toleo rasmi.

Ripgrep, iliyoandikwa na Andrew Gallant kwa lugha ya Rust na kutolewa mwaka 2016, inafanya kazi hiyohiyo hata pasipo git. Itumie kwa lile faili la MB 140 ukishalifungua. Ina vichujio vizuri vya aina ya faili:

```
rg -w -t c oom_badness mm/
rg -l 'oom_score_adj' -g '*.rst'
```

Ujue tabia yake moja: kwa kawaida inaruka yaliyotajwa kwenye `.gitignore`, mafaili yaliyofichwa na yale yasiyo maandishi. Kerneli huzalisha mafaili wakati wa kujengwa, kwa mfano `include/generated/autoconf.h`, na hayo yote yametajwa kwenye `.gitignore`. Ukikosa kitu unachojua kipo, rudia kwa `rg -uu`.

Neno kuhusu diski. Msimbo ukifunguliwa unachukua zaidi ya GB 1. Kwenye kompyuta yenye diski ya zamani inayozunguka, utafutaji wa kwanza utachosha, na wa pili utakuwa wa haraka kwa sababu mafaili yamebaki kwenye RAM. Yenye RAM ya GB 4 na kivinjari kikiwa wazi haitaweza kuyahifadhi yote, kwa hiyo jizoeze kutaja folda: `-- mm/`, `-- fs/ext4/`. Kubana eneo hukupa kasi kuliko kubadilisha zana.

Hatua ya 4: Nenda kwenye ufafanuzi

Jina `oom_badness`, funksheni inayotoa alama za nani auawe, linatajwa sehemu kadhaa, ila limefafanuliwa sehemu moja. Ctags hutengeneza faharasa ya majina na mahali yalipofafanuliwa. Kwenye mradi wa kawaida ungeandika `ctags -R`. Kwenye kerneli usifanye hivyo, tumia:

```
make tags
```

Amri hiyo inapitia `scripts/tags.sh`, inayoifundisha ctags makro za kerneli. Bila mafunzo hayo, ctags haijui kwamba `SYSCALL_DEFINE4(openat, ...)` ndani ya `fs/open.c` ndiyo inayozaa wito wa mfumo wa `openat`. Ukitafuta `sys_openat` kwa grep, hutaona mwili wa funksheni popote, kwa kuwa jina hilo linaundwa na makro. Kwa grep lazima uandike:

```
git grep -n 'SYSCALL_DEFINE.*(openat' -- fs/
```

Tagi zikishatengenezwa, `vim -t oom_badness` inakutua moja kwa moja kwenye funksheni. Ctrl-] juu ya jina lolote inakupeleka kwenye ufafanuzi wake, Ctrl-T inakurudisha, na `g]` inakupa orodha pale ambapo jina moja lina ufafanuzi mwingi, jambo la kila siku kwenye kerneli kwa sababu ya aina nyingi za prosesa. Unayefanya kazi ya simu, jenga kwa `make ARCH=arm64 tags`, la sivyo utapelekwa kwenye msimbo wa x86.

Soma sasa `oom_badness` yenyewe; ni fupi. Inajumlisha kurasa za RAM zinazoshikwa na programu, zilizo kwenye swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM), na kumbukumbu inayotumiwa na majedwali ya kurasa. Kisha inaongeza marekebisho yanayotoka kwenye `oom_score_adj`, ambayo huanzia -1000 hadi 1000. Mwenye alama nyingi ndiye anayeuawa. Java ilikufa kwa kuwa ndiyo iliyoshika nyingi, na sasa unajua faili la kuhariri kama unataka isiguswe: `/proc/PID/oom_score_adj`, PID ikiwa namba ya Java inayokimbia sasa. Kwa -1000 haitachaguliwa kabisa. Mimi nisingefanya hivyo kwa Java, maana kitakachochaguliwa badala yake kinaweza kuwa hifadhidata.

Hatua ya 5: Nani anaita?

Cscope ilizaliwa Bell Labs enzi za kompyuta za PDP-11, na mwaka 2000 ikawekwa wazi kwa umma. Sura yake ni ya kizee. Kwa msimbo wa C, bado ndiyo ninayoikimbilia kwanza.

```
make cscope
cscope -d
```

Utaona skrini yenye sehemu za kujaza: tafuta alama, tafuta ufafanuzi, funksheni zinazoitwa na hii, funksheni zinazoita hii, na kadhalika. Ukipenda amri ya mstari mmoja, kila sehemu ina namba kuanzia 0. Ya 3 ni "nani anaita":

```
cscope -dL -3 oom_kill_process
cscope -dL -3 out_of_memory
```

La kwanza linakurudisha kwa `out_of_memory`, na humo ndimo maneno "Out of memory" yanapotokea, pamoja na mwenzake "Memory cgroup out of memory". Tofauti hiyo ni ya kushika. Ukiona ya pili kwenye logi, RAM ya mashine nzima haijaisha. Iliyofikia ukomo ni cgroup, yaani kundi la programu lililowekewa kikomo chake, mara nyingi kontena lako. Watu wameongeza RAM kwenye seva kwa sababu ya kutosoma neno moja hilo.

La pili linaleta waitaji wachache: `__alloc_pages_may_oom` ndani ya `mm/page_alloc.c`, `mem_cgroup_out_of_memory` ndani ya `mm/memcontrol.c`, na mmoja usiyemtarajia, `moom_callback` ndani ya `drivers/tty/sysrq.c`. Huyo ndiye anayekuwezesha kuamuru mauaji kwa mkono kwa kubonyeza Alt, SysRq na f, kama mfumo unaruhusu.

Cscope hukwama kwenye pointa za funksheni. Iulize nani anaita `ext4_file_read_iter`, itanyamaza, ingawa funksheni hiyo inafanya kazi kila unaposoma faili. Hakuna anayeiita kwa jina. Imewekwa ndani ya `struct file_operations`, na mwitaji anapitia `f_op->read_iter`. Hapo unavunja swali mara mbili. Kwanza, imebandikwa wapi:

```
git grep -nw ext4_file_read_iter -- fs/ext4/
```

Utaona `.read_iter = ext4_file_read_iter`, yaani funksheni imewekwa kwenye tundu liitwalo `read_iter`. Sasa tafuta anayeita kupitia tundu hilo:

```
git grep -nE -e '->read_iter\('
```

Na ukitaka kujua mifumo mingine ya mafaili inayojaza tundu hilohilo, `git grep -nE '\.read_iter\s*='`. Mbinu hii ya kugeuza jina la funksheni kuwa jina la tundu lake ndiyo inayofungua kerneli, na inafaa pia kwenye Java na Go palipo na violesura.

Anayependa kihariri cha kisasa anaweza kuongeza clangd. Jenga kerneli, kisha `make compile_commands.json`, na VS Code au Neovim itakuonyesha ufafanuzi na marejeo kwa usahihi wa kompaila. Gharama yake ni mbili. Lazima ujenge kweli, na inaona tu msimbo ulioruhusiwa na `.config` yako, kilichozimwa kwa `#ifdef` kwake hakipo. Cscope inaona vyote lakini inakisia. Mimi huweka zote.

Hatua ya 6: Ilikuja lini, na kwa nini?

Historia ya kerneli kwenye git inaanzia Aprili 2005, toleo la 2.6.12-rc2. Kwenye logi za seva za zamani ujumbe wetu ulikuwa na maneno ya ajabu: "or sacrifice child". Leo hayapo. Yalikwenda wapi?

```
git log --oneline -S'sacrifice child' -- mm/oom_kill.c
```

`-S` inaleta mabadiliko yaliyoongeza au kupunguza idadi ya mara maandishi hayo yanaonekana. La juu kabisa ndilo lililoyaondoa, mwaka 2019. Lifungue kwa `git show` usome maelezo yake: zamani kerneli ilipomchagua wa kuuawa, ilipendelea kumuua mtoto wake kwanza, na tabia hiyo iliondolewa. Kwa hiyo maneno yalitoweka kwa sababu tabia yenyewe ilitoweka. Kusoma msimbo wa leo peke yake kusingekueleza hilo.

`-G` inafanana nayo ila inaleta badiliko lolote ambalo mstari wake ulioguswa unalingana na rejeksi, hata kama idadi haikubadilika. Itumie mstari unapohamishwa au kuhaririwa. Kufuata maisha ya funksheni moja:

```
git log -L :oom_badness:mm/oom_kill.c
```

Taja faili kila mara. Ukiacha `-S` ipekue mradi wote, nenda kanywe chai. Na kujua toleo la kwanza lililobeba badiliko, `git describe --contains` ikifuatiwa na namba yake.

Bila kushusha chochote

Ukiwa na simu tu, tovuti ya Elixir ya kampuni ya Bootlin, elixir.bootlin.com, ina msimbo wa kerneli wa matoleo mengi, kila jina likiwa kiungo cha ufafanuzi na marejeo yake. Kwa kutafuta rejeksi kwenye vifurushi vyote vya Debian kuna Debian Code Search, na kwa mradi wa ndani wa kampuni mnaweza kujiwekea OpenGrok au Zoekt.

Zana za aina ya Zoekt zinajibu haraka kwenye msimbo mkubwa namna hiyo kwa sababu zinaandaa faharasa ya herufi tatu tatu. `oom_kill` inakuwa `oom`, `om_`, `m_k`, `_ki`, `kil`, `ill`. Yanachukuliwa mafaili yenye vyote sita, kisha hayo tu ndiyo yanayopekuliwa kwa rejeksi. Russ Cox alieleza njia hiyo mwaka 2012, baada ya Google kufunga huduma yake ya Code Search iliyoitumia. Faida kwako ni ndogo ila ya kweli: rejeksi isiyo na herufi tatu zilizoshikamana, kama `a.b.c`, haisaidiwi na faharasa.

Mitego miwili iliyobaki

Mipangilio ya kerneli ina majina mawili. Ndani ya C utaona `CONFIG_MEMCG`, lakini mahali inapofafanuliwa kiambishi hicho hakipo:

```
git grep -n 'config MEMCG$' -- '*Kconfig*'
```

Mtego mwingine ni kutafuta umbo badala ya maneno, kwa mfano "mahali ambapo kumbukumbu inatumika baada ya kuachiliwa kwa kfree". Rejeksi haiwezi, usijaribu. Coccinelle, iliyotengenezwa na Julia Lawall na wenzake Ufaransa, inaelewa muundo wa C, na kerneli inakuja na kanuni zake tayari:

```
make coccicheck MODE=report COCCI=scripts/coccinelle/free/kfree.cocci M=drivers/staging
```

Majibu yake hayana uhakika wa asilimia mia. Yasome moja moja.

Na pale ambapo umepekua kote na bado hujaelewa, kerneli inajua hata mtu wa kumuuliza:

```
./scripts/get_maintainer.pl -f mm/oom_kill.c
```

Itachapisha majina na anwani za wasimamizi wa faili hilo. Ukiwaandikia, taja toleo lako, faili, funksheni, na namba ya badiliko uliloona kwenye Hatua ya 6. Swali lenye vitu hivyo vinne hujibiwa. Lisilo navyo hupita tu kwenye barua zao.